Mkanda wa Dakika Kumi na Tisa

Nchi yetu ya Shwari haina matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akakaa mkao mbaya. Maji tunayo, ila yako njiani. Umeme tunao, ila unapumzika. Na serikali tunayo, tena iko macho, na habari hii inahusu hayo macho.

Mtaani kwetu, Kwa Mbao, kuna banda la video la Bi Salha. Wageni huliita banda umiza kwa sababu ya mabenchi yake, ambayo ukiyakalia saa mbili unatoka na mistari nyuma kama daftari la hesabu. Sisi wenyeji tumeshazoea, mistari yetu ni ya kudumu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, kwa miaka ishirini na sita, banda hili limetuonyesha mkanda mmoja, Koti la Kijivu. Siku nyingine kuna mikanda mingine, ya ngumi na ya mapenzi, lakini Jumamosi ni Koti la Kijivu, na ukikosa Jumamosi mbili mfululizo watu wanakuja kwako na sukari wakidhani umefiwa.

Mkanda wenyewe ni wa jasusi. Stelingi anavaa koti la kijivu, na anamtafuta mtu aliyewauzia maadui ramani ya bandari ya nchi yake. Anamtafuta kwenye treni, anamtafuta kwenye mahoteli, anampata demu, anamkosa demu. Mwishoni kabisa anakuwa kwenye ukumbi mrefu wa hoteli, taa zinazimika, na gizani kunasikika kiatu: nyiii, nyiii. Kinalia kwa sababu ramani imefichwa ndani ya soli. Stelingi anawasha kiberiti, na hapo mbele yake amesimama waziri wa nchi yake mwenyewe. Haoneshi bastola. Anasema kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, vua kiatu."

Banda zima hulisema naye. Watoto wa Kwa Mbao hulijua hilo kabla ya kujua majina ya baba zao.

Sasa, lugha ya mkanda ule ni ya mbali, ina sauti ya kikohozi, na hapa mtaani hakuna aijuaye. Ndiyo maana Bi Salha hukaa pembeni ya televisheni na maiki, akitutafsiria. Sauti ya stelingi ni yake, sauti ya demu ni yake, na ya adui pia ni yake, ila ile huitia tope kidogo. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, Mzee Kombo, aliyemwachia vitu viwili, banda na maneno. Kama marehemu alikuwa akitafsiri sawasawa, hatukuwahi kuuliza. Ukipewa biriani huulizi mchele umelimwa wapi.

*

Mambo yaliharibika siku Waziri wa Utulivu alipokuja kutuzindulia bomba la maji. Jina lake silitaji kwa heshima, na pia kwa kuwa limekatwa.

Alipanda jukwaani na viatu vipya kutoka ng'ambo. Jukwaa lilikuwa la mbao, maana mtaa wetu ni wa maseremala. Akapiga hatua ya kwanza: nyiii. Ya pili: nyiii. Watu mia nne wakatazamana. Naapa hakuna aliyepanga. Ila kutoka nyuma kabisa, mahali anapopendelea kusimama Machupa kinyozi, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuliweka neno mdomoni likalala, sauti yenye adabu zote ikasema, "Mheshimiwa, vua kiatu."

Waziri alidhani ni mila ya mtaa. Akainama, akashika kamba za kiatu, na hakika angevua, lau msaidizi wake asingemnong'oneza jambo sikioni. Akanyooka. Kwa wakati huo watu walikuwa wamelala chini kwa kucheka, na mama mmoja muuza vitumbua alipelekwa hospitali akiwa bado anacheka. Waziri akafungua bomba. Bomba likakohoa mara mbili, likatoa upepo. Hilo halikumchekesha mtu, tumelizoea.

Kufika Jumatatu, nchi nzima ilikuwa inatazama miguu. Mbunge akiingia msikitini au kanisani, watu wanatega sikio. Mkuu wa mkoa akikagua gwaride, bendi inapiga polepole ili wasikie vizuri. Mawaziri wawili walionekana kwenye kikao na kandambili. Mafundi viatu walikuwa wakiitwa usiku na mchana ikulu ndogo na kubwa, wakipaka soli mafuta ya nazi, ya alizeti, na ya breki.

Hadi hapo, nawaambieni, kwa miaka ishirini na sita hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameona kwamba waziri wa kwenye mkanda anafanana na waziri yeyote. Tulikuwa tunaangalia sinema tu.

*

Bodi ya Taifa ya Usafi wa Macho ilikutana kwa dharura, yaani baada ya wiki sita. Mwenyekiti wake ni Dakta Ponsiano Mkwaruzo, mtu mpole, ambaye huvaa mkasi wa dhahabu kwenye tai na hajawahi kuona sinema yoyote hadi mwisho, kwa sababu za kikazi. Alifungua kikao kwa hotuba ambayo redio iliirudia siku tatu.

"Ndugu wajumbe," alisema, "sinema ni chombo cha habari. Chombo kikishatumika huoshwa. Miaka ishirini na sita chombo hiki kimetumika bila kuoshwa. Naomba tujiulize kama Taifa: tumekuwa tukila nini?"

Wajumbe wakajiuliza. Kisha wakaita idara zote, kila moja ije na mkasi wake.

Idara ya Maji ilikuwa ya kwanza. Kuna mahali stelingi anaoga dakika nne, maji yakimwagika mfululizo, na haoneshi kushangaa. Idara ikasema huo ni uchochezi. Kata. Idara ya Umeme ikalalamikia lifti inayopanda hadi ghorofa ya kumi bila kusimama kati. Kata. Barabara wakasema gari la stelingi linakimbia mji mzima lisikutane na shimo, na madereva wetu wanaweza kupata mawazo. Reli wakaleta malalamiko ya maandishi juu ya treni kufika kwa saa iliyoandikwa. Afya wakachukua sigara, wazee wa dini wakachukua busu, na Mambo ya Ndani wakachukua kitasa kimoja ambacho hadi leo hawajasema kiliwakosea nini.

Wa mwisho walikuwa watu wa Usalama. Walikaa muda mrefu bila kusema, kama kawaida yao, halafu mmoja akatoa hoja kwamba jasusi mzuri haonekani. Kwa hiyo, kulinda hadhi ya kazi, zikatwe sehemu zote ambazo jasusi anaonekana. Dakta Mkwaruzo akaona hilo ni zito kidogo. Wakapatana libaki koti.

Ndipo wakafika kwenye neno lenyewe. Bodi ilikuwa imemleta mtaalamu aliyesoma ile lugha ya kikohozi huko huko inakokoholewa. Akasikiliza mara saba. Akavua miwani, akaifuta, akasikiliza mara ya nane.

Akawaambia kwamba pale stelingi hasemi habari ya kiatu. Anachosema ni, "Samahani bwana, saa ngapi sasa?"

 Mjumbe mmoja akauliza kwa woga kama basi kikao kifungwe, maana neno halimo. Dakta Mkwaruzo akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyesoma sana.

"Lingekuwemo," alisema, "tungelikata tukaenda kula. Halimo, na bado nchi nzima inalisikia. Hiyo ndiyo hatari yenyewe."

Wakakata palepale, dakika nne nzima za ukumbi wa hoteli. Kwa muda mrefu serikali ilikuwa imetuambia tukaze mkanda. Sasa wameufupisha. Ulikuwa wa saa mbili, ukaturudia ukiwa na dakika kumi na tisa na mihuri kumi na mmoja.

*

Bi Salha hakulia. Aliuweka mkanda, tukaangalia. Kilichobaki kilikuwa hivi: kofia juu ya kiti. Njiwa. Mkono unagonga mlango. Koti la kijivu likitembea lenyewe. Njiwa tena. Palipokatwa wameweka giza, na juu ya giza maandishi meupe: SEHEMU HII NI SAFI. Mwisho kabisa ni majina ya waigizaji, ambayo hayakuguswa kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasoma.

Ila giza halikuwa na sauti, na Bi Salha alikuwa na maiki. Likitokea giza, anaanza: "Hapa sasa anaoga, jamani. Maji ya moto hayo, mnaona mvuke?" Na kweli tuliuona. Kwenye giza la Reli alituendeshea treni hadi watu wa benchi la nyuma wakayumba. Treni yake ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, na demu wake mzuri zaidi, kwa sababu sasa kila mtu alijiwekea wa kwake. Na lilipofika giza la hoteli, hakuhitaji hata kusema. Watu themanini walisema.

Habari zikaenda. Wakaanza kuja watu wa mitaa mingine, wakaja na vigoda vyao. Banda la watu themanini likawa linabeba mia mbili, wengine madirishani, na Machupa akafungua huduma ya kunyoa kwenye foleni. Mimi mwenyewe sijawahi kuona Jumamosi zenye raha kama zile, na nashukuru Bodi kwa hilo, maana shukrani hazijakatwa bado.

Wiki ya nne ikaja barua. Ilikuwa na vifungu, lakini Bi Salha alitusomea viwili. Cha kwanza, kutafsiri giza ni marufuku. Cha pili, Jumamosi inayofuata, mdomo wowote ndani ya banda hilo ukitamka maneno ya kiatu, kibali kinachukuliwa, na jengo linakuwa ghala la mikasi ya Bodi. Mheshimiwa Waziri wa Utulivu atahudhuria yeye mwenyewe na waandishi wa habari, ili Taifa lishuhudie kwamba neno limekufa. Na afisa wa Bodi atakaa ndani na daftari.

Afisa aliyepangwa aliitwa Gervas Kipande. Ndilo jina lake halisi, sikumpa mimi. Alikulia papa hapa Kwa Mbao, benchi la pili, kabla hajapata kazi na shingo kukakamaa. Ni yeye aliyemletea Bi Salha barua, na kabla hajaondoka akamwambia pia, kwa sauti ya chini, lile jambo la mtaalamu: kwamba marehemu alikosea, stelingi anauliza saa tu.

Bi Salha aliweka mkono kwenye shavu.

"Saa ngapi sasa?" alisema. "Basi yule mzee hakuwa anatafsiri. Alikuwa ananitungia." Akacheka hadi akajifuta macho na kanga, halafu akageukia televisheni akaifuta vumbi, na Kipande akaona bora aage.

Ijumaa ile alipita nyumba kwa nyumba. Hakutuma mtu. Hata kwangu alifika, akakataa kukaa. Alisema hana mtoto, hana shamba, hana mjomba serikalini, na lile banda ndilo limebaki kuwa mume wake. Mlango kwa mlango maneno yalikuwa yale yale, lakini kwa Machupa kinyozi alikaa nusu saa.

"Machupa mwanangu, nakujua," alimwambia. "Sikuombi uape. Njoo na andazi. Likifika lile giza, litie mdomoni lote, usimeze mpaka nikuambie."

"Bi mkubwa, na likiisha?"

"Njoo na mawili."

*

Jumamosi tulikuwa mia mbili na zaidi. Saa nane na nusu hapakuwa na pa kuweka kidole. Kipande alikaa mlangoni na daftari lenye safu tatu: Jina, Neno, Sauti. Kalamu ilikuwa imefungwa uzi kwenye meza, mali ya umma ile. Waandishi wa habari walipangwa ukutani. Mbele kabisa kiti cha Waziri kilikuwa wazi, chenye kitambaa cheupe, maana waheshimiwa wana desturi yao ya kufika.

Saa tisa ikafika, Waziri hajaja. Kipande akatazama saa, akainamisha kichwa kuashiria tuanze. Bi Salha akawasha mkanda. Maiki aliipakata, ameifunika mdomo kwa kiganja kama mtoto anayetaka kulia mahali pa watu.

Kofia. Njiwa. Giza la maji, kimya. Mkono ukagonga mlango. Giza la treni, kimya. Nilisikia mtu anameza mate benchi la tatu. Koti likatembea. Dakika ya kumi na moja likashuka giza la hoteli, SEHEMU HII NI SAFI, na mia mbili tukabana meno. Machupa akatia andazi lote, mashavu yakawa kama ya mpiga tarumbeta.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Mheshimiwa.

Sakafu ya Bi Salha ni ya mbao. Nimewaambia mtaa wetu ni wa maseremala. Na Waziri alikuwa amebadili viatu mara sita tangu siku ya bomba, na kila jozi mpya ilikuwa na sauti kubwa kuliko iliyotangulia. Akaweka mguu.

Nyiii.

Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chenye kitambaa ni hatua kumi na nane. Ya pili: nyiii. Ya tatu akajaribu kutembea kwa vidole, ikawa nyi-nyi-nyiii. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyegeuka. Tulikuwa tunatazama giza mbele yetu kama tulivyoagizwa na Bodi, na giza lilikuwa na kiatu ndani yake, kwa mara ya kwanza tangu walipokikata.

Hatua ya tisa akasimama.

"Mbona kimya?" aliuliza.

Kipande akasimama, akafungua daftari. "Hakuna neno lililotamkwa, Mheshimiwa."

"Nasikia."

"Unasikia nini, Mheshimiwa, niandike?"

Waziri alitazama watu kwa mwanga wa yale maandishi meupe. Nilimwona vizuri, nilikuwa karibu. Uso ulikuwa na jasho la mtu aliyeombwa hela mbele ya wakwe.

"Wanasema," alisema. "Wote wanasema."

Kipande akatega sikio pande zote, kwa haki kabisa. Akaandika: Hakuna.

Waziri akapiga hatua ya kumi. Nyiii. Akarudisha mguu. Nyiii. Mbele hatua tisa, nyuma hatua tisa, na kote ni mbao. Akakaa polepole kwenye ncha ya benchi. Machupa, mashavu yamejaa, akasogea kumpisha. Na hapo, mbele ya waandishi wa habari na raia mia mbili ambao hawakusema hata a, Mheshimiwa Waziri wa Utulivu akainama, akafungua kamba, akavua kiatu. Akavua na cha pili. Soksi moja ilikuwa ya bluu na nyingine nyeusi. Akavitia viatu vyake kwapani, akatoka bila sauti yoyote, nje jua likawaka kwenye upara wake, mlango ukafungwa.

Machupa akapaliwa na andazi. Ilibidi wamgonge mgongo watu watatu.

Kipande akaandika: Kikohozi, kimoja. Kisha akaketi. Na mimi nilikuwa karibu, nilimwona anauma ile kalamu ya serikali hadi uzi ukakatika.

*

Taarifa ya Afisa Kipande ilikuwa fupi. Maneno yaliyotamkwa kuhusu kiatu: hakuna. Viatu vilivyovuliwa: viwili. Aliyeamuru: hakuna.

Bodi iliisoma kwa wiki mbili. Dakta Mkwaruzo alitaka mahali pale pakatwe, lakini hapakuwa kwenye mkanda. Wakafikiria kukata watu, Fedha wakasema bajeti haitoshi. Kibali cha Bi Salha hawakuweza kukigusa, kwa kuwa barua yao wenyewe ilitaka kimya na kimya kilipatikana, tena cha daraja la kwanza, hata magazeti ya Bodi yaliandika hivyo. Waziri amehamishiwa Wizara ya Mazulia.

Basi tukaendelea na dakika kumi na tisa zetu. Kila Jumamosi, ikifika ya kumi na moja, banda zima hunyamaza. Wakaanza kunyamaza na mabanda mengine. Mwezi uliopita uwanja wa mpira ulinyamaza, dakika ya kumi na moja, jukwaa kuu likiwa na wageni rasmi. Nasikia wageni watatu walianza kujishika kamba za viatu.

Jana imekuja barua mpya. Kipande aliileta mwenyewe, akakaa, akapewa chai. Bi Salha akatusomea kwa maiki, banda limejaa. Bodi imegundua kwamba kimya cha dakika ya kumi na moja kinaleta taharuki. Kuanzia Jumamosi hii ni marufuku. Likishuka lile giza, kila raia aliyemo ndani anaagizwa kusema kitu, chochote, mradi kisemwe na wote, kwa pamoja, kwa sauti ya kutosha na kwa lugha ya adabu.

Machupa akauliza kama barua inasema tuseme nini. Bi Salha akaigeuza mbele na nyuma, akampa Kipande aitazame naye. Haisemi.

Sisi Kwa Mbao ni watu watiifu, hakuna asiyejua. Kwa pamoja tumekubali. Sauti tunayo. Na kwa kuwa wamesisitiza sana habari ya adabu, tumeona tutaanza na neno Mheshimiwa.